Kiganja Juu ya Lebo

Jumanne, tarehe 14 Machi mwaka 2079, saa mbili na robo asubuhi, Damari Chidawali aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mikononi mwa mlinzi.

Mlinzi huyo wa mlango wa Baraza la Chakula, jijini Dodoma, alikuwa ameketi kwenye kiti chake akiandaa kifungua kinywa: nusu ya mkate na pakiti ya soseji. Kabla ya kuichana pakiti alibonyeza kibandiko chekundu kilichokuwa kwenye kona yake, kama kila mtu nchini alivyozoea kufanya kabla ya kula, na joto la kidole chake likakiamsha.

"Soseji za ng'ombe za Zizi Kuu," kilisema kibandiko, taratibu, kwa lafudhi ya Kigogo isiyofichwa. "Zina nyama ya ng'ombe, wanga wa muhogo, chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Hazina chumvi ya waridi. Zihifadhiwe mahali pa baridi. Kula kwa amani."

Damari akamsalimu na kumwonyesha barua yake ya wito. Mlinzi hakuitazama barua. Aliutazama mdomo uliokuwa umemsalimu.

"Hebu sema 'kula kwa amani'," alimwambia.

Damari akaikunja barua yake. Mlinzi akacheka, akamwambia kwamba kumbe ndiye yeye, Mama Lebo mwenyewe, na kwamba mke wake humsikiliza yeye Damari kuliko anavyomsikiliza mume aliyemtolea mahari. Damari alimwomba asile pakiti ile. Mlinzi akaendelea kucheka. Alisema ugomvi wa soseji ameusikia tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake, wakubwa hugombana na wadogo hula, ndivyo ilivyo.

"Na isitoshe, mama, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia nile."

Neno hilo lilipaswa kumchoma. Damari alilisubiri limchome, kama mtu aliyejikwaa anavyosubiri maumivu yafike, lakini hayakufika. Aliingia ndani akaketi kwenye benchi la mashahidi, akaweka mikono yake mapajani na kuitazama.

Kibandiko kile kilizaliwa na sheria ya mwaka 2068. Kabla yake, viambato vya chakula viliandikwa kwa namba na kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na mashine zilizowekwa madukani ili ziwasomee wasiojua kusoma zilinunuliwa na walewale waliokuwa na jambo la kuficha. Wananchi walilalamika miaka mingi. Ndipo ilipoamriwa kwamba kila pakiti iseme, na aisemee mtu aliye hai. Msomaji huketi katika chumba kisichopitisha sauti, huvishwa ukosi mwembamba unaopima mtetemo wa koo lake, na mtetemo huo huchorwa ndani ya kibandiko pamoja na maneno yake. Hata silabi moja ikibadilishwa baadaye, kibandiko hufa na kunyamaza. Mbele ya msomaji huketi msikilizaji wa kiwanda mwenye nakala ya karatasi ileile, ambaye kazi yake ni kufuatisha neno kwa neno. Mwisho wa yote, wote wawili huweka dole gumba. Mashine hazikuachiwa nafasi ya kudanganya. Walioitunga sheria hawakufikiri kwamba mtu naye aweza kukosa bila kudanganya.

Damari alijifunza kusoma akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, katika darasa la watu wazima la Kibaigwa, chini ya Mwalimu Tulinagwe. Darasa lile halikuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo kila mama alikuja na karatasi ya kitu alichopika jana yake: pakiti ya unga, ya majani ya chai, ya sabuni. Walisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na hakuna aliyeruhusiwa kuketi kabla ya kufika kwenye nukta ya mwisho. Aliyekwisha kusoma alimsomea jirani yake wa kulia. Na kwa kuwa karatasi zilikuwa chache na zilirudiwarudiwa, Mwalimu Tulinagwe aliujua vizuri ugonjwa mmoja wa wanaojifunza ukubwani: mtu huyashika maneno kichwani, akayatiririsha huku macho yakiwa yameelekezwa kwenye mstari, na yeyote anayemtazama huapa kwamba anasoma. Mwalimu alikuwa na dawa yake. Alitandaza kiganja juu ya karatasi katikati ya sentensi, akasema kwa upole, "Endelea." Aliyeendelea alikuwa amenaswa, na darasa zima lilicheka, naye alicheka pamoja nao, kwa maana wote walikuwa wamewahi kunaswa.

Baraza lilipotafuta wasomaji, lilimchagua Damari kwa sababu alisoma polepole na kwa sauti ambayo mtu huiamini. Kwa miaka sita alisoma lebo zaidi ya mia nane. Karatasi ya soseji za Zizi Kuu ilimjia mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili ilikuwa ileile.

Mara ya kumi na tatu, tarehe 12 Juni mwaka uliopita, haikuwa ileile. Zizi Kuu walikuwa wamepata chumvi mpya ya waridi iitwayo rozamini, inayoilinda nyama kwa siku arobaini bila jokofu na kuiacha nyekundu kama imechinjwa asubuhi. Sheria iliwataka waiseme, nao waliiandika katika karatasi, pamoja na onyo lake. Damari alikuwa amekwisha kusoma lebo tano tangu asubuhi. Alipoona jina la Zizi Kuu juu ya karatasi, mdomo wake ulitangulia. Macho yaliifuata mistari kwa adabu yote, kidole kilitembea, na koo likatoa maneno ya zamani, mazima, bila kukwama. Akaweka dole gumba. Akaenda nyumbani.

Hakuna aliyemtandazia kiganja.

Mwezi Januari, binti yake Yunisi, aliyekuwa akiuza chipsi na soseji karibu na soko la mahindi la Kibaigwa, alianza kuangusha vitu. Sarafu, kijiko, funguo. Alikuwa akila biashara yake mwenyewe, soseji nne au tano kwa siku, kama wauzaji wote wanavyokula. Adhuhuri moja aliegemea meza kumpa mteja sahani, akauweka mkono wa kushoto juu ya kikaango. Alijua kwa harufu. Daktari alisema vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi muda mrefu kabla ya kuungua, na kwamba katika wilaya ile peke yake alikuwa amewapokea wapishi na wachoma nyama hamsini na watatu wa namna hiyo. Damari aliugeuza upande wa nyuma wa pakiti palepale kando ya kitanda, akaweka kidole chini ya herufi ndogo zilizochapwa, na akasoma. Alifika kwenye rozamini. Akarudi mwanzo wa mstari, akafika tena.

Alimwuliza binti yake, ambaye alisoma shule hadi kidato cha nne, kwa nini hakuyaona maneno yale.

"Nilikusikia wewe, mama," alijibu Yunisi. "Ningesoma nini tena?"

Tangu siku hiyo Damari hakulia. Aliamka, alipika, alimfunga binti yake bandeji, alikwenda Jumapili kanisani na kurudi. Mambo yalipita mbele yake kama yanavyopita nje ya dirisha la mtu mwingine.

Siku mbili kabla ya kuja Dodoma, baada ya ibada, alimpokea mgeni nyumbani. Mheshimiwa Ndahani alikuwa mjumbe wa Baraza, na kwa miaka tisa alikuwa amewapigania walaji dhidi ya Zizi Kuu bila kushinda hata mara moja. Hakuja kwa majivuno. Alivua viatu mlangoni, akampa Yunisi pole, akanywa chai, kisha akaeleza shida yake. Kampuni ilikuwa imekwisha kuwasilisha utetezi wake: karatasi ilikuwa sahihi, kosa ni la koo la msomaji, na dawa ni kuifuta sheria ya mwaka 2068 ili mashine zirudishwe. Lakini kama msomaji angesema kwamba karatasi aliyopewa siku ile haikuwa na rozamini, basi Zizi Kuu wangefungiwa milango.

Damari alimwambia kwamba karatasi ilikuwa nayo.

"Mama Yunisi, nyoka akiingia ndani huulizi fimbo imetoka wapi," alisema Ndahani. "Sikuombi uongo. Nakuomba usahau. Ukisema ulikariri, wakili wao atasimama aseme, mnaona? Warudisheni wakina mama darasani. Na kila aliyejifunza kusoma ukubwani katika nchi hii atachekwa miaka ishirini."

Alisema hayo bila kupandisha sauti, na Damari aliona kwamba alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Uongo ungewakamata wenye hatia, na ukweli ungewapa mlango wa kutokea. Mgeni alipoondoka, Damari alimwona Yunisi akijaribu kufunga kifungo cha blauzi kwa mkono mmoja, akishindwa, akijaribu tena, uso wake mtulivu kabisa.

Shauri lilianza saa tatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani aliyezungumza kwa kifupi. Wajumbe tisa waliketi kwa nusu duara, Ndahani akiwa wa pili kutoka kushoto. Wakili wa Zizi Kuu, Bwana Shekiondo, alikuwa mtu wa heshima. Alimwamkia Damari kwa shikamoo kabla ya kumwuliza lolote. Nyuma yake aliketi Bwana Hizza, msikilizaji wa kiwanda wa siku ile ya Juni, kijana aliyekuwa akivitazama viatu vyake.

Shekiondo aliomba sauti isikilizwe. Ukumbi ukajaa sauti ya Damari ikiwatakia watu wote amani. Karani alitangaza muda wake: sekunde kumi na tisa. Kisha wakili akamwekea Damari karatasi mezani, na kumwuliza swali moja tu, kwa sauti ya upole, kwamba je, hii ndiyo karatasi aliyopewa tarehe 12 Juni, au siyo.

Damari aliitazama. Chini, pembeni mwa dole gumba lake la wino, palikuwa na doa la mafuta. Siku ile alikuwa amekula kitumbua mapumzikoni. Alijua kwamba Ndahani alikuwa akimtazama. Alijua pia kwamba neno moja, "siyo", lilikuwa dogo kuliko yote aliyowahi kuyasoma.

Akaomba ruhusa ya kusimama. Akatandaza kiganja chake juu ya karatasi, akaifunika yote, akainua uso kumtazama Mwenyekiti.

"Soseji za ng'ombe za Zizi Kuu," alisema. "Zina nyama ya ng'ombe, wanga wa muhogo, chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Hazina chumvi ya waridi. Zihifadhiwe mahali pa baridi. Kula kwa amani."

"Mbona umeifunika?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ndivyo nilivyoisoma siku ile, Mheshimiwa. Karatasi ni hii. Sikuisoma. Nilikariri."

Ndahani alilifunga jalada lake taratibu, akaweka kalamu juu yake. Huko nyuma, kwenye viti vya wananchi, mtu alicheka kidogo kwa pua, na mwingine akasema jambo juu ya ngumbaru, hao wanaojifunza kusoma ukubwani. Shekiondo aliinama kama mtu anayeshukuru na kusema kwamba hana swali jingine.

"Bado sijamaliza," alisema Damari. "Sisi hatuketi kabla ya nukta."

Akaondoa kiganja. Akaweka kidole cha shahada chini ya neno la kwanza. Naye pia alikuwa amezila soseji hizo kwa miezi saba, kutoka katika meza ya binti yake, na ncha ya kidole haikumpa habari yoyote ya karatasi; ilimbidi akitazame ili ajue kilipo. Alisoma kama alivyosoma mwaka wake wa kwanza darasani, akisimama mwishoni mwa kila neno. Alisoma nyama. Alisoma wanga na chumvi na vitunguu. Kisha akasoma:

"Zina rozamini. Mtu mzima asile zaidi ya soseji mbili kwa siku. Zikizidi, zaweza kutia vidole ganzi isiyopona. Wanaofanya kazi ya moto wasile. Wajawazito wasile."

Kicheko kilikuwa kimekwisha kunyamaza. Alisoma mahali pa kuhifadhi, akasoma tarehe, akafika kwenye nukta. Karani, bila kuulizwa na mtu, alisema kwamba ilikuwa dakika moja na sekunde kumi na nne.

"Kosa ni langu na silipunguzi," alisema Damari. "Mkono wa binti yangu umekufa ganzi na kuungua kwa sababu yangu. Lakini sheria haikuniweka peke yangu katika kile chumba. Mimi nilitumia sekunde kumi na tisa. Bwana Hizza alikuwa na karatasi hii mkononi, naye amesoma tangu utotoni. Nauliza tu, mwanangu. Wewe ulifuatisha nini?"

Shekiondo alisimama kusema kwamba Bwana Hizza hakuitwa kutoa ushahidi. Mwenyekiti alimjibu kwamba basi anaitwa sasa. Kijana yule alisimama. Labda angekaa kimya hadi mwisho, kama alivyokaa miezi tisa, lakini mtu mmoja alikuwa amekwisha kutangulia kuaibika mbele ya watu wote na bado alikuwa amesimama.

"Nilisikia mistari imerukwa," alisema Hizza, macho bado kwenye viatu vyake. "Nilimpigia mkuu wangu palepale, kabla mama hajavua ukosi. Akaniambia, koo likishasema limesema. Weka dole, soko litashukuru." Akalikunja dole gumba lake ndani ya ngumi. "Nikaweka dole."

Shekiondo aliketi, akazipanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Adhuhuri Baraza lilitoa amri zake. Zizi Kuu wasiuze soseji hata moja hadi shauri liishe, na mkuu aliyetajwa aletwe. Sheria ya mwaka 2068 isiguswe kwa sasa. Wajumbe wanne walitaka ifutwe na watano wakakataa, na Ndahani alikuwa mmoja wa wale watano. Damari Chidawali asisome lebo tena maisha yake yote. Karani alimletea fomu ya kuurudisha ukosi, naye akaisoma yote kwa kidole kabla ya kuitia sahihi, na karani akangoja.

Mambo mawili ndiyo yaliyobaki nje ya uwezo wa Baraza. Vidole vilivyokwisha kufa havikuwa na amri ya kuvifufua. Na pakiti zipatazo milioni mbili zilikuwa bado majumbani, makabatini na chini ya meza za vibanda. Kwa kuwa kibandiko hakibadiliki, kila moja ingeendelea kumwambia atakayeibonyeza, kwa sauti ile ya kuaminika, kwamba ale kwa amani.

Mlangoni, mlinzi alikuwa bado na soseji tatu ndani ya pakiti. Habari zilikuwa zimemfikia. Hakucheka. Aliinyoosha pakiti kwa Damari na kumwuliza aifanyeje.

"Soma nyuma."

Mlinzi alitazama pembeni. Alisema kwamba yeye na herufi hawakuwahi kujuana vizuri, kwamba ndiyo maana alikuwa akibonyeza.

Damari aliketi kwenye kile kiti cha mlinzi, akaigeuza pakiti, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akamsomea hadi nukta. Alipomaliza alimtaka mlinzi akamwambie mke wake, mke amwambie jirani wa kulia. Mlinzi akairudia ile mistari mitano kwa mdomo, mara mbili, akiihesabu kwa vidole ambavyo, alisema, bado anavihisi vizuri, isipokuwa kimoja.

Damari alifika Kibaigwa saa kumi. Yunisi alikuwa ameketi barazani, mkono uliofungwa ukiwa mapajani, na alimwuliza mama yake alisemaje huko.

"Nimesema nilikariri."

Yunisi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Baada ya kitambo akauinua ule mkono wenye bandeji, akauweka juu ya vidole vya mama yake. Hakuna aliyeuhisi mguso wa mwenzake. Waliuona tu, wakautazama, na hawakuondoa mikono hadi jua lilipoondoka barazani.

Jumatano Mwalimu Tulinagwe hakufundisha somo jipya. Akina mama ishirini na wanane walikuja kila mmoja na pakiti moja, wakazisoma upande wa nyuma, kisha wakatoka, wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kuanzia jirani wa kulia. Damari alitembea nao. Katika nyumba nyingi watoto waliijua sauti yake kabla ya kuuona uso, wakakimbia kumwambia bibi kwamba lebo imekuja kwa miguu.

Nawe uliyeifuata habari hii hadi hapa, usiikunje ukaiweka. Yupo mtu wa kulia kwako ambaye hajaisikia, au aliyeisikia sauti tu na hakuwahi kuona maneno. Mwite aketi. Weka kidole chini ya neno la kwanza, msomee bila kuruka mstari, na ukifika kwenye nukta, mpe yeye.